Pakiti Isipofika: Miaka 40 ya Kuifundisha Programu Kungoja

Oktoba 1986, mtandao kati ya Lawrence Berkeley Laboratory na Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley ulizorota vibaya. Taasisi hizo mbili ni majirani. Kati yao palikuwa na yadi 400 hivi, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Njia iliyokuwa ikipitisha biti 32,000 kwa sekunde ilishuka hadi biti 40 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, barua ya herufi 2,000 ingechukua karibu dakika 7 kufika ng'ambo ya pili.

Hakuna waya uliokatika, wala mashine iliyozimika. Kompyuta zilikuwa zikituma, zikikosa majibu, zikituma tena, na kadiri zilivyorudia ndivyo msongamano ulivyozidi. Van Jacobson wa maabara hiyo alilishughulikia tatizo akishirikiana na Mike Karels wa chuo kikuu, na makala aliyoichapisha Jacobson mwaka 1988 kuhusu kuepuka msongamano ikawa msingi wa namna kompyuta zinavyojipunguzia mwendo kwenye intaneti hadi leo. Kazi ya aina hiyo haifanyiki kwa kukisia. Mtu lazima azione pakiti zenyewe, yaani vile vipande vya data, zikipita: ipi imetoka lini, ipi imerudiwa, ipi imepotelea njiani. Katika kundi hilohilo la watafiti ndimo ilimozaliwa tcpdump mwaka 1988, programu ya kunasa na kuonyesha pakiti, iliyoandikwa na Jacobson na wenzake Craig Leres na Steven McCanne.

Ukiisikia kazi ya kunasa pakiti utadhani ni mbio tupu. Kumbe programu ya kunasa hutumia muda mwingi ikingoja. Pakiti huja zinapotaka. Zinaweza kumiminika kwa maelfu ndani ya sekunde moja, kisha pakawa kimya kwa dakika nzima. Programu inapouomba mfumo endeshi pakiti na pakiti haipo, mfumo huilaza. Haitatekeleza amri inayofuata, haitasoma kibodi, haitatazama saa, mpaka kitu kiiamshe. Miito ya namna hii huitwa miito inayozuia. Kwa asili yake ni jambo jema, kwa sababu programu iliyolala haili nguvu ya prosesa bure. Taabu huanza kwenye maswali mawili. La kwanza: pakiti zikianza kuingia, mfumo uzikusanye kwa muda gani kabla ya kumwamsha aliyelala? La pili: pakiti zisipokuja kabisa, programu ikubali kulala kwa muda gani, na nani ana haki ya kuiamsha kabla?

Maswali hayo yanafanana kwa sura tu. Kwa muda mrefu yalijibiwa kwa namba moja, na sehemu kubwa ya historia ya programu za kunasa pakiti ni hadithi ya kuyatenganisha.

Kichujio cha kwanza

Kabla ya tcpdump kulikuwa na wengine. Mwaka 1980, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Mike Accetta na Rick Rashid waliweka ndani ya Unix kifaa kilichoiwezesha programu ya kawaida kusoma pakiti moja kwa moja kutoka kwenye mtandao. Wazo lenyewe lilitoka kwenye kompyuta za Alto za Xerox. Kazi hiyo iliendelezwa pia Stanford, ndiyo maana ikajulikana kwa majina ya vyuo vyote viwili. Mwaka 1987 Accetta na Rashid, pamoja na Jeffrey Mogul, waliieleza mbele ya wataalamu wa mifumo endeshi waliokutana Austin, Texas.

Lengo lao la kwanza halikuwa upelelezi wa mtandao. Walitaka watafiti waweze kujaribu itifaki mpya bila kukifumua kiini cha mfumo endeshi kila wazo jipya linapowajia. Kila programu ilikabidhi kichujio chake, yaani maelezo mafupi ya pakiti inazozitaka, na kiini kikaipelekea hizo tu.

Waliligundua mapema tatizo la gharama. Kila programu inapouita mfumo, prosesa huacha kazi ya programu, huingia katika kiini, hufanya kilichoombwa, kisha hurudi. Safari hiyo ina bei. Ukiifanya kwa kila pakiti, bei ya safari huweza kuzidi thamani ya mzigo. Kwa hiyo kichujio chao kiliweza kukabidhi pakiti kadhaa kwa mpigo mmoja wa kusoma, na mwandishi wa programu aliweza kuweka kikomo cha muda wa kungoja. Mbegu za maswali yote mawili zilikuwa tayari ardhini.

Bafa mbili za Berkeley

McCanne na Jacobson hawakuridhika na vifaa walivyovikuta. Kompyuta nyingi za maabara yao zilikuwa za Sun, na kifaa cha kunasa cha Sun kiliinakili pakiti kwanza, ndipo kikauliza kama inatakiwa. Mtandao ukichangamka, kompyuta ilichoka kunakili vitu vya kutupa. Walichokitengeneza badala yake kilikuja kuitwa BPF, na makala yao waliiwasilisha kwenye mkutano wa USENIX huko San Diego, Januari 1993. Walisema kichujio chao kiliweza kuwa na kasi hadi mara 20 ya mtindo wa zamani, na kwamba mpango wao wa bafa, yaani sehemu za kumbukumbu za kuhifadhia pakiti kwa muda, uliufanya mfumo mzima uuzidi ule wa Sun hadi mara 100 kwenye mashine ileile.

Walioisifu BPF wamekiimba kichujio chake zaidi. Katika habari hii ya kungoja, mpango wa bafa ndio wenye uzito.

Chukua Ethernet ya zama hizo, yenye kasi ya megabiti 10 kwa sekunde. Pakiti zikiwa ndogo kabisa na zikifuatana bila pengo la ziada, waya hupitisha 14,880 kwa sekunde. Hiyo ni pakiti moja kila maikrosekunde 67. Hakuna programu ya wakati huo iliyoweza kumudu mwito mmoja wa kusoma kwa kila pakiti. Kwa hiyo BPF iliweka bafa mbili ndani ya kiini. Moja hupokea pakiti zinazoingia, nyingine huhifadhi zilizo tayari kukabidhiwa. Ya kwanza ikijaa na ya pili ikiwa tupu, zinabadilishana kazi, na programu iliyolala huamshwa na kupewa bafa nzima kwa mpigo mmoja.

Mpango huo unafaa pale pakiti zinapomiminika. Zikija moja moja, je? Pakiti ya kwanza itakaa ndani ya bafa ikingoja wenzake, na mwenye programu ataona skrini tupu wakati habari yake imeshafika. Ndiyo sababu kukawekwa saa. Ni utaratibu wa daladala kituoni: gari likijaa linaondoka, na muda wa kuondoka ukifika linaondoka hata kama viti viko wazi.

Msimbo wa tcpdump uliiweka saa hiyo kwenye milisekunde 1,000. Athari yake unaweza kuiona kwa macho kwenye mashine ya jamii ya BSD, yaani Unix ya Berkeley, yenye tcpdump ya zamani. Fungua vidirisha viwili vya amri. Katika kimoja washa tcpdump, katika kingine ipigie ping kompyuta ya jirani. Ping itatangaza jibu limerudi baada ya milisekunde chache, huku kidirisha cha tcpdump bado kikiwa kitupu. Halafu mistari inatokea kwa pamoja, ombi na jibu lake. Mgeni wa kazi hii hudhani mtandao unasuasua. Lakini akisoma saa iliyoandikwa mwanzoni mwa kila mstari ataona kwamba muda ni sahihi kabisa, kwa sababu kiini huigonga pakiti muhuri wa saa inapoingia, si inapokabidhiwa. Kilichochelewa ni taarifa.

Kwa aliyetaka taarifa papo hapo, BPF ilikuwa na hali nyingine, ya kuamsha programu kila pakiti inapofika. Aliyeichagua alijua analipa nini: safari nyingi za kuingia na kutoka kwenye kiini.

Saa moja, tafsiri tatu

Juni 1994 sehemu ya kunasa iliyokuwa ndani ya tcpdump ilitolewa kama maktaba inayojitegemea, libpcap, ili kila mwandishi wa programu aitumie bila kujali mfumo wake endeshi. Kufungua kadi ya mtandao kukawa mstari mmoja wa msimbo, na ndani yake kulikuwa na namba ya milisekunde. Kwa mtumiaji wa BSD namba hiyo ilieleweka kirahisi: saa huanza kuhesabu programu inapoanza kusoma, na muda ukiisha mwito hurudi hata kama hakuna pakiti hata moja. Waandishi wengi wakaizoea tabia hiyo. Wakatengeneza programu zinazosoma pakiti, zikirudi kila sekunde zinatazama kama mtumiaji amebonyeza kitu, zinasahihisha hesabu kwenye skrini, kisha zinasoma tena. Saa iliyowekwa kwa ajili ya kukusanya pakiti ikageuzwa kuwa saa ya kuamkia.

Programu hizo zilipohamishiwa Solaris, mfumo endeshi wa Sun, mambo yakabadilika. Huko bafa ilisimamiwa na moduli ambayo saa yake haianzi mpaka pakiti ya kwanza iingie. Palipokuwa na pakiti, tofauti haikuonekana. Palipokuwa kimya, mwito haukurudi. Ukiitazama saa kama kikomo cha kukusanya, Solaris haikukosea: pasipo cha kukusanya, hakuna haja ya kuhesabu. Aliyeitumia kama saa ya kuamkia ndiye aliyepatikana.

Kwenye Linux ya wakati huo hali ilikuwa nyingine tena. Soketi ya pakiti haikukusanya chochote. Pakiti moja ilifika, programu moja ikaamshwa. Milisekunde ulizoziandika hazikuwa na kazi. Taarifa zilifika upesi, gharama ya safari ikawa kubwa, na mtandao ukinyamaza programu ililala bila kikomo.

Windows nayo ilikuwa na njia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi la Politecnico di Torino nchini Italia, ambamo walikuwamo Fulvio Risso na Loris Degioanni, lilitengeneza WinPcap ili programu za libpcap ziweze kutumika huko. Wao waliongeza kipimo kingine: idadi ya chini ya baiti zinazopaswa kujikusanya ndani ya kiini kabla programu haijaamshwa. Mtu akaweza kuchagua kati ya uharaka na uchumi kwa kupima mzigo, mbali na kupima muda.

Kuanzia 1999 libpcap na tcpdump zilihamia mikononi mwa watu wa kujitolea, wakiongozwa na Michael Richardson na Bill Fenner, na baadaye Guy Harris akawa mmoja wa watunzaji wake wakuu. Maswali ya programu zinazoganda yaliwaandama. Hatimaye mwongozo wa maktaba ukaweka onyo bayana: namba ile haipaswi kutumiwa kuhakikisha kwamba mwito utarudi ndani ya muda fulani. Ipo kwa ajili ya kukusanya pakiti, na katika mifumo mingine, pakiti isipofika, mwito unaweza kungoja milele.

Ctrl na C

Swali la pili, la nani aamshe, lina ukoo mrefu kuliko programu za kunasa pakiti zenyewe. Unapobonyeza Ctrl na C, Unix huitumia programu ishara. Programu inayotaka kumaliza kwa heshima, ifunge faili lake na kuandika jumla ya pakiti ilizozinasa, huwa na kipande cha msimbo cha kuipokea ishara hiyo. Je, ishara ikifika wakati programu imelala ndani ya mwito wa kusoma, mwito ufanyweje?

Unix ya awali ilijibu kwa wepesi: mwito unakatishwa, unarudi na kosa linalosema umeingiliwa, na mwandishi wa programu ajue la kufanya. Richard Gabriel aliliona jibu hilo kuwa kielelezo cha falsafa nzima. Katika insha yake maarufu kuhusu ubovu unaoshinda ubora, iliyochapishwa mwaka 1991, anasimulia mazungumzo ya mtu wa MIT na mtu wa Unix juu ya suala hilihili. Wa kwanza alitaka mfumo ubebe uzito wote na mtumiaji asione kitu. Wa pili aliona ni sawa mfumo ubaki mwepesi na mzigo umwangukie mwandishi wa programu.

Mwaka 1983, 4.2BSD iliamua kuwapunguzia waandishi mzigo huo. Ishara ikishapokewa, mwito ulioingiliwa unaanzishwa upya wenyewe. Kwa programu nyingi hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Kwa programu ya kunasa pakiti ilikuwa mtego. Mtumiaji anabonyeza Ctrl na C usiku, mtandao ukiwa kimya. Ishara inapokewa, bendera ya kusimama inainuliwa kwenye kumbukumbu, na papo hapo mwito wa kusoma unaanza upya na programu inarudi kulala bila kuitazama bendera yake. Mtumiaji anabonyeza tena na tena. Halafu kompyuta nyingine inatuma pakiti yoyote ile, hata ya kuulizia anwani tu, na programu inazima kana kwamba ilikuwa ikiingoja hiyo.

4.3BSD ya mwaka 1986 iliwapa waandishi uwezo wa kuchagua ni ishara ipi ikatishe mwito na ipi isikatishe, na viwango vya POSIX vikaja kuuweka uchaguzi huo katika sura inayotumika sasa. Katika toleo la 0.8, libpcap nayo ikapata mwito wake wa kuvunja kitanzi, pcap_breakloop. Kazi yake ilikuwa nyembamba kuliko jina lake. Uliinua bendera ndani ya maktaba, basi. Kama programu ilikuwa imelala ndani ya kiini, bendera haikuwa na sauti ya kuiamsha. Mwandishi alipaswa kuhakikisha mwenyewe kwamba ishara inaukatisha mwito.

Hata akifanya hivyo, ulibaki mwanya. Ufuatilie hatua kwa hatua. Programu inaitazama bendera na kuikuta imeshuka. Ishara inafika sasa hivi, kabla mwito wa kusoma haujaanza, na bendera inainuliwa. Programu, ambayo imeshatazama, inaingia katika mwito na kulala. Hakukuwa na mwito wa kukatisha wakati ishara ilipofika, na sasa hakuna ishara nyingine inayokuja. Mwanya huo ni mwembamba mno, wa maikrosekunde chache, hivyo kasoro yake huweza kukaa miezi bila kuonekana, kisha ikatokea kwenye mashine ya mteja na isirudi tena mbele ya fundi.

Kutazama milango miwili

Njia salama zaidi ilikuwa kutokulala kwenye mlango mmoja tu. 4.2BSD ileile ilileta mwito wa select, unaomruhusu mwandishi kusema: nilaze, lakini niamshe lolote kati ya haya likitokea, au muda huu ukiisha. Pakiti ikija, amka. Kibodi ikiguswa, amka. Sekunde ikipita, amka. Sambamba na hilo, kifaa cha kunasa huwekwa katika hali isiyozuia, ili ukikisoma na hakuna kitu kirudi mara moja mikono mitupu. Libpcap ikawapa waandishi njia ya kuiweka hali hiyo na, baadaye, njia ya kupata kile kifaa cha kukabidhi kwa select.

Waliokimbilia huko walikutana na kizingiti kwenye BSD, nyumbani kwa BPF. Saa ya kukusanya ilianza pale tu programu inapoita kusoma. Programu iliyolala ndani ya select haikuwa imeita kusoma. Saa haikuanza, bafa haikujaa, na select haikuamka ingawa pakiti kadhaa zilikuwa zimekaa ndani. Kasoro hiyo ilidumu katika FreeBSD hadi toleo la 4.6, katika NetBSD hadi 3.0, na kwenye Mac hadi toleo la 10.7 la mwaka 2011. Dawa ya muda ilikuwa kutoiamini select kikamilifu. Unaipa kikomo kifupi, na ikirudi unasoma tu, iwe imesema kuna kitu au hapana. Mwaka 2018, katika toleo la 1.9, libpcap iliongeza mwito ambao programu inautumia kuuliza maktaba kikomo hicho kiwe cha muda gani kwa kifaa husika.

Aliyehitaji suluhisho kuliko wengine ni mwandishi wa programu yenye madirisha. Gerald Combs alipotoa Ethereal mwaka 1998, programu ambayo tangu 2006 inaitwa Wireshark, mtumiaji alikuwa na kitufe cha kusimamisha. Kitufe kisichoitika kwa sababu mtandao uko kimya hakisameheki. Suluhisho la Wireshark lilikuwa kugawa kazi: dirisha ni programu moja, na unasaji unafanywa na nyingine ndogo, dumpcap. Dirisha halisomi kadi ya mtandao kabisa, kwa hiyo haliwezi kugandishwa nayo. Dumpcap huandika pakiti kwenye faili, na husikiliza amri ya kusimama. Mgawanyo huo ulikuwa na faida ya pili, ya usalama: mamlaka ya juu yanayohitajika kunasa pakiti hupewa programu ile ndogo tu, si msimbo mkubwa unaochambua mamia ya itifaki. Fundi wa mtandao wa Mombasa au Dodoma anayefungua Wireshark leo anatumia mpangilio huohuo.

Linux yaanza kukusanya

Linux iliyokuwa ikikabidhi pakiti moja moja haikuweza kubaki hivyo. Kwenye mtandao wa gigabiti 1, pakiti ndogo kabisa huweza kufuatana kila nanosekunde 672, na kwenye gigabiti 10 kila nanosekunde 67. Kwanza ikaja bafa ya duara inayoonwa na kiini na programu kwa pamoja, bila kunakili kwa kila usomaji. Libpcap ikaipokea katika toleo la 1.0 la mwaka 2008. Kisha Linux 3.2, Januari 2012, ikaleta TPACKET_V3. Hapo pakiti zinapangwa ndani ya vitalu, na kitalu hukabidhiwa kikijaa au muda wake ukiisha. Wazo la Berkeley la karibu miaka 20 nyuma lilikuwa limefika Linux.

Libpcap ilipoanza kuitumia TPACKET_V3 katika toleo la 1.5 la mwaka 2013, tatizo likageuka sura. Sasa waliokwama walikuwa wale waliozoea uharaka wa Linux. Programu zinazotuma ombi na kungoja jibu kupitia libpcap zilijikuta zinapokea jibu likiwa limechelewa, kwa kuwa lilikuwa limekaa kwenye kitalu likingoja muda uishe. Toleo hilohilo la 1.5 ndilo lililoleta mwito wa kuchagua hali ya papo hapo katika mifumo yote, ili mwandishi aseme wazi anachokitaka badala ya kutegemea tabia ya mfumo mmoja. Zaidi ya hapo, matoleo ya awali ya TPACKET_V3 yalikuwa na kasoro zake katika kuamsha. Libpcap ililazimika kuzikwepa, na watunzaji wake wanaihesabu Linux 3.19, ya Februari 2015, kuwa ya kwanza iliyosahihishwa.

Swali la nani aamshe lilikuwa bado linangoja, na programu za nyuzi nyingi, zinazoendesha kazi kadhaa kwa sambamba, zililifanya kuwa gumu zaidi. Uzi mmoja unanasa, mwingine unasimamia. Unaosimamia ukiita pcap_breakloop, bendera inainuka, lakini unaonasa umelala ndani ya kiini. Hata ishara haikuwa na hakika, kwani ishara inayotumwa kwa programu yenye nyuzi nyingi huweza kupokewa na uzi mwingine kabisa.

Mafundi wa Unix walikuwa na hila ya zamani, inayohusishwa na Daniel J. Bernstein: programu hujitengenezea bomba la kujitumia ujumbe yenyewe. Select hutazama pakiti na bomba kwa pamoja. Anayetaka kuamsha huandika baiti moja ndani ya bomba. Baiti hiyo haipotei kama ishara. Ikiandikwa kabla ya programu kulala, programu itaikuta pale pale na haitalala. Mwanya ule wa maikrosekunde unazibika. Mwaka 2007 Linux ilileta eventfd, kifaa chepesi kwa kazi hiyohiyo, na Desemba 2020, katika toleo la 1.10, libpcap ilikiingiza ndani yake kwa Linux. Tangu hapo, huko, pcap_breakloop haiinui bendera tu. Inaandika pia kwenye eventfd, na uzi uliolala unaamka hata kama waya hauna pakiti hata moja.

Kuanzia kichujio cha Accetta na Rashid hadi hapo ilikuwa miaka 40. Kila kipande cha jibu kilikuwapo mapema: saa ya kukusanya, uwezo wa kutazama milango miwili, hila ya bomba. Kilichochukua muda ni kukubali kwamba saa ya kukusanya haiwezi kuwa pia saa ya kuamkia, kwa sababu ya kwanza inapimwa kwa faida ya prosesa na ya pili kwa haki ya mtumiaji. Mwandishi wa leo anaweza kuyajibu maswali yote mawili kila moja kwa mwito wake: milisekunde au hali ya papo hapo kwa ajili ya pakiti, na pcap_breakloop kwa ajili ya kusimamisha. Kazi haijaisha kila mahali. Nje ya Linux na Windows, mwandishi wa programu ya nyuzi nyingi bado anapaswa kuandaa mwenyewe njia ya kuuamsha uzi unaonasa, na mwongozo wa libpcap unamwambia hivyo bila kificho.